Amri Ina Adabu Yake

Wengi wetu hapa Kakamega nyumbani tunazungumza Kiisukha, Kiidakho, Kiwanga au lugha nyingine ya Waluhya. Kiswahili twakutana nacho shuleni, sokoni na kwenye kituo cha matatu. Nimesimama mara nyingi pale yanapojaza magari ya Kisumu na Mumias nikisikiliza makanga, na karibu kila neno lao ni amri: Ingia! Songa! Lipa! Shuka!

Kuunda amri ni kazi nyepesi. Chukua kitenzi, ondoa ku-, umemaliza: kusoma, soma. Wakiwa wengi, a ya mwisho hugeuka e na kufuatwa na -ni: someni, simameni. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu haviguswi irabu: jibu, jibuni, rudi, rudini.

Vitenzi vifupi hubaki na ku- yake: kula, kunywa, kuleni, kunyweni. Hapo ndipo ilipozaliwa ile "kuja hapa!" ambayo walimu huipigia mstari mwekundu. Msemaji hakubuni kitu; amemfuata kula. Ila kuja kina njia yake: njoo, njooni. Kwenda nacho ni nenda, nendeni. Na kuleta ni lete, leteni.

Lakini, msomaji, sarufi ikishanyooka bado adabu haijatimia. Kijana akimwambia babu, "Kaa hapo!" mwalimu hatapata kosa, lakini mzee atamkazia macho. Angesema, "Ukae hapa, babu," au "Naomba usogee kidogo, mama," angesikizwa kwa moyo mkunjufu. Kilichobadilika ni u mbele na e nyuma. Hata Wahispania wanalo jambo hili: rafiki huambiwa habla, yaani sema, mtu wa kuheshimiwa huambiwa hable. Kwao pia a imegeuka e.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani, na watoto wetu wakajifunza kugeuza umoja kuwa wingi bila kusita. Hilo ni jema. Ila mtihani haukai na wazee barazani, wala haupandi matatu pamoja nao. Walimu na wazazi, msiishie kwenye soma na someni. Wafunzeni watoto usome na msome, na wajue ni nani wa kuambiwa lipi.