Mama anapogeuka mwalimu: Pilkapilka za kufundishia watoto nyumbani Ukunda

KABLA ya matatu za kwanza za kuelekea Likoni kuanza kuita abiria katika kituo cha Ukunda, Kaunti ya Kwale, mama aliyeamua kuwafundishia watoto wake nyumbani huwa ameshafanya kazi kwa saa nzima.

Maji yamenunuliwa kwa mwenye mkokoteni iwapo mifereji imekauka, mahamri yamechomwa, na vitabu vya watoto watatu walio katika gredi tatu tofauti vimepangwa juu ya meza ile ile ambapo chai itanywewa. Ikifika saa mbili asubuhi, vikombe huondolewa na meza hiyo hugeuka darasa.

Hakuna kengele wala sare. Hata hivyo, anayedhani kwamba mama huyo yuko huru kuliko jirani aliyempeleka mwanawe shuleni hajawahi kuketi katika meza hiyo hata kwa nusu saa.

Elimu ya nyumbani si sawa na masomo ya ziada yanayotolewa na mwalimu anayelipwa kwa saa baada ya shule. Ni mpango ambapo mzazi, mara nyingi mama, huchukua jukumu lote la kuchagua mtaala, kuandaa masomo, kufundisha, kusahihisha na kuweka rekodi za maendeleo ya mtoto. Wapo wanaofuata mtaala wa Kenya kwa kununua vitabu vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD). Wengine hufuata mitaala ya kigeni, ukiwemo ule wa Cambridge wa Uingereza na ule wa Accelerated Christian Education ulioanzia jimbo la Texas, Marekani, mwaka 1970. Katika huu wa mwisho, mtoto husoma peke yake vijitabu vidogo kwa mfululizo, na hasongi mbele kabla ya kupata angalau asilimia 80 katika jaribio la kile alichomaliza.

Mji kama Ukunda una sababu zake za kuzaa familia za aina hii. Umekaa kando ya barabara kuu ya Likoni kuelekea Lungalunga, na maisha yake yamefungamana na hoteli za ufuo wa Diani. Msimu wa watalii unaposhamiri mwezi Desemba, watoto wa shule wako likizoni ilhali wazazi wao hawana hata siku moja ya kupumzika. Mvua za masika zinapofunga hoteli na wafanyakazi kupewa likizo, muhula wa pili ndio kwanza umeanza. Mzazi anayefundishia nyumbani huweza kuipindua kalenda hiyo.

Wapo pia wazazi ambao mtoto wao ana usonji au ulemavu mwingine na hawakupata shule iliyomfaa karibu, na wengine ambao imani yao huwafanya watake kusimamia wenyewe kila anachofundishwa mtoto. Msongamano madarasani nao una historia ndefu: elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa Januari 2003, zaidi ya wanafunzi milioni moja waliongezeka katika shule za nchi hii kwa mpigo, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Kisha ukaja ugonjwa wa Covid-19. Shule zilifungwa Machi 2020, baadhi ya gredi zikarejea Oktoba mwaka huo, na wanafunzi wote wakarudi Januari 2021. Kwa miezi hiyo kila sebule iligeuka darasa, kupenda kusipende. Wazazi wengi waliapa kutorudia. Wachache waligundua kuwa wanaiweza.

Ugumu wa kwanza ni wa hesabu tu: watoto watatu, mwalimu mmoja. Mama mzoefu hafundishi wote kwa pamoja. Humpa mkubwa kazi ya kusoma kimya au kufanya mazoezi ya hisabati, akamketisha wa Gredi ya 2 ubavuni ili asome kwa sauti, na yule wa miaka minne akampa makombe ya baharini ayahesabu na kuyapanga kwa ukubwa. Baada ya dakika 20 hivi, hugeuza zamu. Kwa kuwa hakuna muda unaopotea kwa kuita majina wala kunyamazisha watoto 60, masomo ya siku huweza kukamilika kabla ya adhuhuri.

Hiyo ni siku njema. Siku nyingine stima hupotea kompyuta ikiwa katikati ya somo, mgeni hubisha hodi, mdogo hupandwa na homa, na wali huungua jikoni wakati mama anaeleza sehemu na desimali. Alasiri watoto wa Kiislamu huelekea madrasa kama wenzao wa mtaani, na hapo ndipo mama hupata nafasi ya kusahihisha, kufua na kushughulikia kile kinachomwingizia riziki, kiwe cherehani, duka au vyumba vya kukodisha wageni. Usiku, wengine wakilala, huandaa masomo ya kesho. Mwalimu wa shule hufika nyumbani akaiacha kazi yake shuleni. Mama huyu amelala ndani ya kazi yake.

Lakini pwani hii humlipa kwa namna yake. Somo la hisabati na sayansi linaweza kuanzia ufuoni. Bahari hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, na kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Mtoto anayeandika saa ya maji kujaa kwa majuma mawili mfululizo hujionea mwenyewe jinsi bamvua linavyokuja mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, na maji mafu mwezi ukiwa nusu. Wavuvi wa Mwaepe na Gazi hawakuhitaji kitabu kujua hilo, na ni walimu wazuri kwa anayekwenda kuwauliza kwa adabu.

Huko Gazi, wanakijiji wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko tangu mwaka 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na mapato yake yametumika kwa maji na shule. Hapo pana jiografia, biashara na uraia katika ziara moja. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio kusini mwa Diani, ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya Unesco mwaka 2008. Na mtoto akiinua macho kwenye barabara ya Diani ataona ngazi za kamba zilizotundikwa juu ili mbega wavuke bila kugongwa na magari.

Mbali na uchovu, kuna jambo zito zaidi linalomnyima usingizi mama wa aina hii, nalo ni sheria.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, sehemu ya 30, inamtaka mzazi kuhakikisha mtoto anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na waziri. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Sheria hiyo haitaji elimu ya nyumbani kwa jina, si kwa kuiruhusu wala kwa kuiharamisha waziwazi.

Mwaka 2019 baba mmoja katika Kaunti ya Kakamega alitiwa mbaroni kwa kuwafundishia wanawe nyumbani. Suala hilo lilifika katika Mahakama Kuu, ambako walalamishi walidai kuwa sheria inakandamiza haki yao ya kuchagua elimu ya watoto wao. Ombi lao halikufaulu.

Si nchi zote zinazofuata njia hiyo. Afrika Kusini iliruhusu elimu ya nyumbani katika sheria yake ya shule ya 1996, mradi mzazi amsajili mtoto kwa mamlaka za elimu. Nchini Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote. Ujerumani, kwa upande wake, huizuia kwa ukali.

Chifu anayepita nyumba hadi nyumba kutafuta watoto wasioenda shule, kwa hiyo, hana kosa anapobisha mlango wa mama huyu. Katika kaunti ambako mimba na ndoa za mapema zimewakatizia masomo wasichana wengi, mtoto wa kike anayeonekana nyumbani saa nne asubuhi ni ishara ya hatari. Kutoka nje, vigumu kumtofautisha anayefundishwa kwa bidii na anayepikishwa na kuleleshwa wadogo zake. Wanaotetea elimu ya nyumbani mara nyingi huipuuza hoja hii, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Fundo la pili ni mitihani. Chini ya mfumo wa 8-4-4, mtu aliyesomea nyumbani angeweza kujisajili kuwa mtahiniwa wa kibinafsi wa KCSE. Kundi la mwisho la mfumo huo linatarajiwa kufanya mtihani huo mwaka 2027. Katika elimu ya umilisi mambo ni tofauti, kwa kuwa alama hukusanywa njiani. Matokeo ya Gredi ya 9, yaliyotolewa kwa mara ya kwanza kwa watahiniwa wa 2025, hujumlisha asilimia 60 ya mtihani wa KJSEA, asilimia 20 ya tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 20 ya mtihani wa Gredi ya 6. Alama hizo za shuleni hutumwa na shule kwa Baraza la Mitihani ya Kitaifa (KNEC). Meza ya sebuleni haina namba ya usajili wa kuzituma.

Ndiyo maana baadhi ya wazazi huhamia mtaala wa Cambridge, ambao humruhusu mtahiniwa wa kibinafsi kufanyia mtihani katika kituo kilichoidhinishwa, ingawa ada hulipwa kwa kila somo na si kila mfuko unazimudu. Wengine humfundishia mtoto nyumbani katika miaka ya mwanzo, kisha wakamwandikisha shuleni. Kwa hawa, swali si iwapo mtoto ataenda shule bali ni lini, na tathmini za shuleni za KNEC huanza kuhesabiwa mtoto akiwa Gredi ya 4, umri wa miaka tisa au kumi hivi.