Fahamu: Mfanyabiashara anapogeuka mjumbe wa dola

Massad Boulos aliuza magari Nigeria miaka mingi kabla ya kuwa mshauri wa Rais Trump kuhusu Afrika, anayeshughulikia amani ya Kongo. Mji wa Kasongo, katika Maniema, mashariki mwa Kongo, unaijua safari hiyo ya kutoka biashara hadi ujumbe wa dola.

Hapa mfanyabiashara wa Zanzibar, Tippu Tip, alijikita kwa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, jeraha ambalo Maniema haijalisahau. Februari 1887 alitia saini Zanzibar mkataba na mpelelezi Henry Morton Stanley: awe liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, chini ya bendera ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kwa pauni 30 kwa mwezi. Leopold alihitaji njia, bunduki na jina la Tippu Tip.

Leo, kwa Mkataba wa Vienna wa 1961, balozi hukubaliwa kwanza na nchi anayopelekwa. Tippu Tip alipoteuliwa, watu wa Maniema hawakuulizwa.