Sanduku la zana lageuka fahari ya nyumba Marekani

KWA msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, neno gereji huleta picha ya uwanja wenye mafuta meusi ardhini, magari yaliyoinuliwa kwa jeki na mafundi waliolala chini yake. Nchini Marekani neno hilo lina maana nyingine iliyozoeleka zaidi. Ni chumba kikubwa kilichoungana na nyumba ya kuishi, chenye mlango mpana unaopandishwa juu, kilichokusudiwa kulaza gari moja au mawili.

Katika nyumba nyingi, hata hivyo, gari halilali humo. Hulala nje, na nafasi yake huchukuliwa na baiskeli za watoto, maboksi ya nguo za zamani na, kwa wenye mapenzi na kazi za mikono, sanduku la zana.

Jina hilo la sanduku linaweza kumpotosha asiyeliona. Hili si kasha la bati lenye mpini ambalo fundi bomba hulifunga nyuma ya baiskeli. Ni kabati la chuma, mara nyingi jekundu au jeusi, lenye magurudumu manne na droo 10 au zaidi, na kimo chake hukaribia kifua cha mtu mzima. Wapo wanaolipandishia kabati la pili juu yake. Droo zake huteleza juu ya gololi ndogo, hivyo hata ile iliyojaa vyuma huvutwa bila kutumia nguvu. Mwenyewe hulifuta vumbi na kulipaka nta kama gari, na mgeni akifika hufunguliwa droo moja baada ya nyingine, aone jinsi spana zilivyolazwa kutoka ndogo hadi kubwa.

Asiyejua chimbuko la desturi hiyo anaweza kuiona kuwa ni majivuno ya watu wenye fedha za kuchezea. Kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo. Lakini mizizi yake imo katika kazi, na hasa katika utaratibu wa ajira ambao wageni wengi hawaufahamu.

Nchini Marekani fundi wa magari aliyeajiriwa kwa kawaida hujinunulia mwenyewe zana za mkono. Mwajiri hutoa jengo, mitambo ya kuinulia magari na mashine kubwa. Spana, bisibisi, koleo, nyundo, pamoja na sanduku la kuzihifadhia, ni mzigo wa fundi. Anapohamia kwa mwajiri mwingine, sanduku hupakiwa kwenye gari la kukokotwa likamfuata.

Wauzaji nao hawamsubiri dukani. Humfuata kazini mara moja kwa wiki wakiwa na lori lililogeuzwa duka, na humkopesha zana anazozilipia kidogo kidogo kila wanapopita. Inayojulikana zaidi kwa biashara ya namna hiyo ni kampuni ya Snap-on, iliyoanzishwa mwaka 1920 katika jiji la Milwaukee, jimboni Wisconsin, na Joseph Johnson na wenzake. Ilianza na wazo jepesi. Badala ya fundi kununua spana 50, kila moja na mpini wake, anunue mipini mitano na soketi 10, yaani vichwa vya spana vinavyochomekwa na kuchomolewa, na ataifanya kazi ile ile.

Wazo hilo lilipunguza gharama, na papo hapo likazaa tatizo la upangaji. Spana ndefu ikipotea huonekana. Soketi haina mpini. Hubingirika, hudondokea ndani ya injini, au huingia mfukoni mwa jirani. Fundi mwenye soketi zaidi ya 100 za vipimo mbalimbali, nyingine za milimita na nyingine za inchi, kwa kuwa Marekani bado inatumia vyote viwili, hawezi kuzitupa pamoja katika ndoo moja na akategemea kumaliza kazi kabla ya jua kuzama. Mafundi wengi hulipwa kwa hesabu ya kazi iliyokamilika, si kwa saa waliyokaa gereji, hivyo dakika anayoitumia kutafuta soketi ni dakika aliyojinyima mwenyewe.

Gharama zenyewe si ndogo. Masanduku makubwa ya kampuni za juu huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000 za Marekani yakiwa matupu, kabla spana hata moja haijawekwa ndani. Kijana anayeanza kazi anaweza kujikuta akilipia sanduku kwa miaka kadhaa huku akiendelea kukopa zana za kuweka humo. Kabla ya mwaka 2018, mwajiriwa aliruhusiwa, kwa masharti, kupunguza gharama za aina hiyo katika hesabu ya kodi yake ya mapato ya serikali kuu. Sheria ya kodi iliyopitishwa Desemba 2017 iliiondoa nafuu hiyo. Kwa mtu wa namna hiyo kufuli ya sanduku si pambo, na anapomwonyesha mwenzake droo zake anamwonyesha mapato yake ya miaka mingi yaliyogeuka chuma.

Kutoka kwa watu hao desturi iliingia majumbani. Fundi aliyestaafu alirudi na sanduku lake, na wasio mafundi wakaiga. Duka kubwa la Sears ndilo lililowafungulia mlango, kwa zana za jina la Craftsman lililoanza kutumika mwaka 1927. Zilikuwa za bei ya wastani na dhamana yake ilikuwa ya maisha: aliyevunjikiwa na spana aliipeleka dukani akapewa nyingine. Watoto wengi wa Kimarekani walirithi masanduku ya Craftsman kutoka kwa baba zao. Jina hilo liliuzwa kwa kampuni ya Stanley Black & Decker mwaka 2017, na mwaka uliofuata Sears yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Mafundi wa kukereza vyuma walikuwa na mapokeo yao ya pembeni. Hao walipendelea kasha dogo la mbao lenye droo nyembamba zilizotandikwa kitambaa laini, kwa sababu vipimo vyao vya usahihi havipaswi kugongana na chuma. Kampuni ya Gerstner ya mjini Dayton, jimboni Ohio, imekuwa ikiyatengeneza makasha hayo tangu mwaka 1906.

Lakini sanduku ambalo wapenzi wote wa zana nchini humo hulitaja kwa sauti ya chini halikutengenezwa na kampuni yoyote. Lilikuwa mali ya Henry Studley, aliyezaliwa mwaka 1838, akapigana upande wa Kaskazini katika Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe, na baadaye akafanya kazi ya kuunda vinanda na piano jimboni Massachusetts hadi uzee wake. Alifariki mwaka 1925.

Likiwa limefungwa, sanduku hilo ni kasha la kutundika ukutani lenye urefu wa karibu mita moja na upana wa nusu mita. Likifunguliwa kama kitabu huonekana zana zipatazo 300: randa, patasi, misumeno, vipimo, koleo na nyundo, kila moja katika kitanda chake kilichochongwa kwa umbo lake. Zipo sehemu ambazo safu moja ya zana huinuliwa kwa bawaba na kufichua safu nyingine nyuma yake, na nyuma ya hiyo ipo ya tatu. Mbao zake ni mahogani na nyinginezo za thamani, zilizopambwa kwa gamba la chaza na pembe za ndovu. Pembe hizo zilikuwa malighafi ya kawaida katika kazi yake, kwani vibonyezo vya piano vilivikwa pembe, na sehemu kubwa ya shehena iliyofika katika viwanda vya jimbo jirani la Connecticut karne ya 19 ilipitia Zanzibar.

Sanduku la Studley liliwahi kuwekwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, na sasa lipo mikononi mwa mtu binafsi. Mwezi Mei 2015 lilionyeshwa kwa siku chache mjini Cedar Rapids, jimboni Iowa, sambamba na kutolewa kwa kitabu cha mtafiti Don Williams kinacholichambua zana kwa zana.

Urembo wake huwafanya watazamaji wengi wapitwe na jambo lililo muhimu zaidi. Katika sanduku hilo, zana isipokuwepo, pengo lake hupiga kelele. Studley hakuhitaji kuhesabu vipande 300 jioni; alihitaji kutazama tu.

Kanuni hiyo ndiyo inayotofautisha upangaji wa kazi na upangaji wa macho. Katika gereji za nyumbani siku hizi hutekelezwa kwa sponji ngumu ya rangi mbili, nyeusi juu na nyekundu au njano chini. Mwenye sanduku huilaza zana juu yake, huchora mzingo wake kwa kalamu, kisha hukata tabaka la juu kwa kisu chembamba. Zana ikiwa mahali pake huonekana chuma. Ikitoka huonekana shimo jekundu lenye umbo lake. Wasio na fedha za sponji huchora vivuli vya zana kwa rangi kwenye ubao wa ukutani. Hata jikoni mbinu hiyo imetumika: mume wa mpishi maarufu Julia Child alichora mizingo ya sufuria za mkewe kwenye ubao wenye matundu, na jiko hilo zima sasa lipo katika makumbusho yale yale yaliyowahi kuwa na sanduku la Studley.

Mafundi wa ndege wanaichukulia kanuni hii kama suala la uhai. Zana iliyosahauliwa ndani ya injini inaweza kuiharibu angani, hivyo kila kifaa huhesabiwa kabla ndege haijaondoka. Ripoti iliyotolewa mwaka 2024 na Ofisi ya Usalama wa Usafiri ya Australia ilieleza jinsi kifaa cha nailoni chenye urefu wa mita 1.25 kilivyoachwa katika injini ya ndege ya abiria aina ya Airbus A380 iliyofanyiwa matengenezo mjini Los Angeles Desemba 2023. Ndege hiyo ilifanya safari 34, kwa jumla ya saa zipatazo 294, kabla kifaa hicho hakijagunduliwa. Utaratibu wa kukitafuta haukuanza kabla ndege haijaruhusiwa kuruka. Pengo lilikuwepo, aliyepaswa kulitazama kwa wakati hakulitazama.

Kwa mwenye nyumba hatari ni ndogo zaidi lakini zipo. Kubwa ni sanduku kupinduka. Droo tatu za juu zikivutwa kwa pamoja, uzito wote husogea mbele na kabati la kilo mamia humwangukia aliyesimama, au mtoto anayechezea hapo. Ndiyo maana nyundo, spana kubwa na mashine za umeme huwekwa droo za chini, breki za magurudumu hufungwa, na masanduku mengine yana kifaa kinachozuia droo ya pili kufunguka kabla ya kwanza kufungwa. Droo ya juu huachiwa vile vinavyoshikwa kila saa.

Kutu ni adui wa pili, na kwa wakazi wa Tanga, Mombasa au Unguja huenda ndiye wa kwanza, kwa kuwa hewa ya bahari haisubiri. Zana hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kabla ya kurudishwa, na haipaswi kulazwa juu ya sponji iliyolowa.

Pamoja na ufundi wote huo, kuna soketi moja inayoshinda kila mpangilio: ile ya milimita 10. Kupotea kwake ni mzaha unaorudiwa na mafundi wa Marekani bila kuchoka, na sababu yake haina siri yoyote. Boliti nyingi ndogo za magari ya kisasa, na hasa ya Kijapani ambayo ndiyo yaliyojaa barabara za Afrika Mashariki, hufunguliwa kwa kipimo hicho. Fundi wa Dar es Salaam anayemwagiza kijana wake "spana namba kumi" anaagiza kitu kile kile. Kinachotumika mara nyingi zaidi ndicho kinachokaa nje ya sanduku muda mrefu zaidi. Wauzaji wameligundua hilo, na siku hizi madukani zipo pakiti za soketi 10 ambazo zote ni namba kumi.