Mwambie Nimekutuma

Saa tano unusu asubuhi, mwanamke anashuka matatu ya Eldoret katikati ya Nakuru, begi begani na mtoto wa miaka kama minne mkononi. Vibao vya hoteli vimemzunguka pande zote, vingine vimechorwa sahani ya kuku na glasi ya juisi. Havitazami. Anamwendea kijana wa boda boda aliyeegemea pikipiki yake.

"Kijana, habari ya kazi?"

"Salama, mathe. Nikupeleke wapi?"

"Bado siendi. Hapa karibu nitapata wapi chakula safi?"

Kijana hajibu papo hapo. Kwanza anauliza yake. "Una haraka ama utakaa? Unataka nyama ama chakula cha kawaida? Na huyu mdogo anakula pilipili?" Akishajibiwa ndipo anainua mkono. "Vuka hapo, fuata huo ukuta mpaka kwa fundi wa viatu, halafu uingie ndani. Itisha chapati na ndengu. Mwambie yule mama ni mtu wa boda wa hapa nje amekutuma."

Maneno hayo ya mwisho nimeyasikia Nakuru tangu utotoni. Mwambie nimekutuma. Anayekuelekeza mahali pa kula anakukabidhi jina lake uende nalo mezani. Chakula kikiwa kibaya, aibu ni yake. Kikiwa kizuri, shukrani zitamfikia hata kama hamtaonana tena. Ndiyo maana kijana yule aliuliza maswali matatu kabla ya kutoa jibu moja.

Desturi hii imekomaa hapa kwa sababu ya jinsi mji wenyewe ulivyoanza. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua kando ya stesheni. Jina ni la Wamaasai, waliochunga mifugo hapa kabla ya reli. Wengine tulikuja baadaye: kufanya kazi ya reli, kulima katika mashamba ya walowezi, kufungua maduka, kununua ardhi baada ya uhuru. Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wahindi, Wasomali, Wanubi, Waswahili wa pwani, wote wana mitaa wanayoikumbuka kama kwao. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, lakini barabara kuu iendayo Uganda bado inapita humu humu, na kila saa kuna mtu anayeshuka akiwa na njaa. Kila familia ya hapa ina babu au nyanya aliyewahi kusimama kituoni akauliza atakula wapi. Kwa hiyo swali hilo halimwaibishi mtu.

Mgeni aelewe kwanza kwamba kwetu hoteli si lazima iwe na vitanda. Benchi mbili, meza yenye kitambaa cha plastiki, sufuria tatu na jiko la makaa: hiyo ni hoteli. Ikiwa ya mabati na mbao ni kibanda, na vibanda vingi havina jina lililoandikwa. Hujulikana kwa mpishi, kwa chakula au kwa jirani: kwa mama fulani, pale pa supu, nyuma ya posho mill. Pia hujulikana kwa saa. Ukimuuliza mtu wa Nakuru mahali pazuri pa kula bila kutaja wakati, atakuuliza, "Pa kula saa ngapi?" Asubuhi, baridi ikiwa bado inashuka kutoka kreta ya Menengai, watu huelekezana kwenye chai ya maziwa na mandazi, au supu ya kichwa. Mchana ni githeri, mukimo, ugali na managu, wali na maharagwe. Jioni moshi ukianza kupanda kando ya barabara, mwenye mutura ndiye anayeulizwa. Mahali pamoja panaweza kusifiwa saa nne na kukwepwa saa kumi, na mwelekezaji mwaminifu atakwambia.

Ukitoka mjini, barabara zenyewe zimekuwa orodha ya vyakula, na watu hutumana kwa mahali. Anayekwenda Molo huagizwa viazi na nyama ya kondoo. Anayeshuka Baringo huambiwa asirudi bila asali, na akialikwa mbuzi asikatae, maana mbuzi wa Baringo amesifiwa kote nchini. Anayepitia Naivasha huulizwa samaki. Na kwa nyama choma, msafiri wa kati ya Nairobi na Nakuru huelekezwa Kikopey, karibu na Gilgil, ambako mabucha yamepangana kando ya barabara kuu na magari yamesimama mchana kutwa.

Kikopey ni mahali pazuri pa kuitazama desturi hii kwa karibu. Mbuzi amening'inia dirishani. Mteja ananyoosha kidole: mguu, mbavu, mkono. Mwenye bucha anakata, anapima kilo mbele ya macho yake, nyama inakwenda motoni. Itachukua muda, na kila mtu anajua. Katikati ya kungoja, mchomaji anakuja na ubao mdogo wenye vipande vitano sita vilivyowahi kuiva na chumvi pembeni. Hicho ndicho kionjo. Hakilipiwi peke yake na hakiagizwi kwa kilo. Ni njia ya mchomaji kusema: usiniamini kwa maneno, onja kwanza. Mimi huona kwamba kumwelekeza mtu mahali pa kula ni kionjo cha aina hiyo hiyo. Unampa kidogo cha uaminifu wako, naye akikiona kitamu atakaa.

Mkate una adabu zake. Hapa mtu haendi kwa watu mikono mitupu, na mkate, pamoja na sukari na majani ya chai, ndio mzigo wa heshima wa kawaida kabisa. Ngano tumeizoea tangu enzi za walowezi. Lord Delamere aliilima Njoro, na kampuni ya Unga ikaanzishwa mwaka 1908 kuisaga. Mashamba ya Njoro na Mau Narok bado yanageuka rangi ya dhahabu kabla ya mavuno. Pengine ndiyo sababu mtu wa huku huubonyeza mkate kwa vidole kabla ya kuulipia. Mwenye duka naye huulizwa waziwazi, "Huu ni wa leo ama wa jana?" Mwenye duka anayejibu "wa jana, ngoja gari la mkate linakuja" amempoteza mteja kwa nusu saa na kumpata kwa miaka.

Keki ni jambo zito zaidi, kwa sababu keki hailiwi na mtu mmoja. Huliwa kwenye sherehe za mahari, iwe ruracio ya Wakikuyu au koito ya Wakalenjin kando ya maziwa ya mursik yaliyomiminwa kutoka kwenye kibuyu, kwenye mahafali, ubatizo na harusi. Mitaani kwetu wako akina mama wengi wanaooka nyumbani kwa oveni moja. Hawana kibao wala duka. Walicho nacho ni midomo ya waliokula keki zao. Familia inayoandaa sherehe huuliza kanisani, kwenye chama, kwa jirani: nani alioka ile ya kwenu? Jina peke yake halitoshi kuwa jibu. Huulizwa kama alifika saa aliyosema, kama kilo tatu zilikuwa kilo tatu kweli, kama keki ilikuwa na unyevu hadi siku ya pili, kama baada ya kuchukua malipo ya kwanza aliendelea kupokea simu. Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri kinahitaji mtu wa kukitaja kwa jina.

Kuna miiko isiyoandikwa. Wa kwanza: usielekeze mahali ambapo hujala mwenyewe, na kama umesikia tu, sema umesikia. Wa pili: kama mwenye hoteli ni ndugu yako, litangulize hilo. "Ni kwa shangazi yangu, lakini nenda uonje" ni kauli ya mtu muungwana. Wa tatu: pima mfuko wa anayeuliza bila kumvunjia heshima. Watu wazima hawaulizi "una pesa ngapi?" Wanasema, "Kuna pa bei ya juu na kuna pa kawaida, pote ni pasafi." Wa nne ni dini. Mwislamu akiuliza nyama, jibu ni moja tu, kama ni halali au si halali, na asiyejua asibahatishe. Katika machinjio mengi ya nchi hii anayechinja ni Mwislamu, ili nyama iingie kila nyumba, na mpango huo umekuwa sehemu ya ujirani wetu.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Mwaka mmoja niliwapeleka wageni wa mbali kwenye hoteli niliyoisifu njia nzima. Nilikuwa sijaingia humo kwa miezi mingi. Mpishi niliyemjua alikuwa ameondoka, wali ulikuwa wa asubuhi, supu ilikuwa maji. Wageni walikula kimya kwa adabu. Nililipa, nikawaomba radhi mezani pale pale, na kesho yake nikawapikia nyumbani. Sikumlaumu mwenye hoteli. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilisifu kumbukumbu nikaiita chakula.

Nayasema haya kwa uzito kwa sababu Nakuru ina jambo ambalo haiwezi kulisahau. Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi ziliingia mjini na Naivasha. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, majirani wakahama mitaa waliyozaliwa. Baada ya siku kama hizo mtu huuliza maswali mengine kabla ya kukaa mezani: ni nani anayepika, na ni lugha gani inayosemwa jikoni? Amani ilirudi kwa mikutano na kwa sala, na pia kwa mambo madogo ambayo hakuna aliyeyaandika. Mkalenjin kumwambia mwenzake wa kazini kwamba githeri ya yule mama Mkikuyu haina mpinzani. Mkikuyu kumtuma mgeni wake kwa Mluo anayekaanga samaki vizuri kuliko wote mtaani. Mtu hamtumi mgeni wake kwa asiyemwamini. Kila "nenda ukale pale" inayovuka mpaka wa kabila ni kura ya imani, na mji huu unahitaji kura hizo kila siku, hata pasipo uchaguzi.

Siku hizi vijana wanaangalia picha kwenye simu kabla ya kuinuka, na maduka makubwa yana bekari ndani. Hakuna ubaya. Naivas, mojawapo ya maduka hayo, ambayo matawi yake yamesambaa nchi nzima, ilichukua jina lake kutoka Naivasha hii hii. Lakini picha haikuulizi kama una haraka, wala haijui kwamba mtoto wako hali pilipili. Haitaona haya chakula kikiwa kibaya. Mwelekezaji mwenye jina ataona haya, na haya hiyo ndiyo dhamana yetu.

Basi ukifika Nakuru, uliza. Muulize wa boda, muulize mama mboga, muulize kinyozi. Ukiulizwa wewe, jibu kwa ukweli na useme jina lako. Na ukishakula, usiende zako kimya. Pita tena kwa aliyekutuma umwambie chakula kilikuwaje, kizuri au kibaya, ili atakayeuliza baada yako aelekezwe vizuri zaidi. Hiyo ndiyo nusu ya desturi tunayoisahau, na bila hiyo, nusu ya kwanza haitadumu.