Katalogi ya Jumbe: Zana ya Kutafsiri Programu za Kompyuta za Nyumbani na Funzo Lake kwa Mwalimu

Utangulizi

Mwalimu hutafsiri kila siku. Hata anapofundisha kwa lugha moja tu, hulazimika kuyachukua maneno ya mtaala na ya mtaalamu akayageuza yawe maneno ya mtoto wa darasa la tatu. Kwa sababu hiyo si jambo la ajabu kwa walimu kuchunguza kazi ya mafundi walioshughulika na kutafsiri programu za kompyuta.

Katika makala haya tunakusudia kueleza zana moja ya kazi hiyo, iitwayo FlexCat, iliyotungwa kwa ajili ya kompyuta za nyumbani za aina ya Amiga. Tutaeleza kwanza tatizo lililokuwapo kabla ya zana za namna hiyo, kisha jinsi zana yenyewe inavyofanya kazi, halafu mahali ambapo Kiswahili kinaitia majaribuni. Mwisho tutapendekeza zoezi ambalo mwalimu anaweza kulifanya hata katika shule isiyo na kompyuta.

Hoja yetu ni hii: zana njema huweza kuyatenga maneno na utendaji wa programu, na kwa kufanya hivyo humfungulia mtafsiri mlango. Lakini haiwezi kumpa mtafsiri sentensi nzima wala muktadha wake. Hivyo viwili hutolewa na binadamu, na asipovitoa, lugha inayoingizwa katika mashine huingia ikiwa kilema.

Maneno yaliyofungiwa ndani ya programu

Kompyuta za nyumbani zilienea sana Ulaya na Marekani katika miaka ya 1980. Miongoni mwake zilikuwamo ZX Spectrum ya Uingereza na Commodore 64 ya Marekani, zote mbili za mwaka 1982. Zilikuwa mashine ndogo. Kumbukumbu yote ya Commodore 64 ilikuwa baiti 65,536, na kila herufi moja iliyoandikwa kwenye skrini ilihitaji baiti moja. Mtungaji wa programu alilazimika kubana kila kitu, na kwa kawaida alichanganya maneno ya kusomwa na mtu pamoja na maagizo ya kutekelezwa na mashine.

Je, mtu aliyetaka mchezo wa Kiingereza usomeke kwa lugha yake alifanyaje? Alitumia programu ya kuchungulia kumbukumbu, akayatafuta maneno baiti kwa baiti, kisha akaandika maneno yake juu ya yale ya zamani. Kazi hiyo ilikuwa na sharti moja gumu: maneno mapya yasizidi nafasi ya maneno ya awali, kwa maana baiti inayofuata huenda ni agizo la mashine. Akiandika juu yake, ameiharibu programu.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme mchezo unaandika GAME OVER. Tukihesabu herufi pamoja na nafasi iliyo katikati, tunapata baiti 9. Kiswahili chake chepesi ni MCHEZO UMEKWISHA, nacho kinahitaji baiti 16. Hakiingii. Mtafsiri angelazimika kuandika MWISHO, lenye baiti 6, na kuzijaza tatu zilizobaki kwa nafasi tupu. Hapa tunaona kwamba lugha haikuchaguliwa kwa ubora wake wala kwa kueleweka kwake. Ilichaguliwa kwa urefu wake, kama vile mtu anayenunua kiatu kwa kutazama ukubwa wa sanduku.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Mtungaji alipotoa toleo jipya la programu, maneno yote yalihama mahali pake, na kazi ya mtafsiri ikaanza upya.

Katalogi: kuyatenga maneno na utendaji

Amiga ilizinduliwa na kampuni ya Commodore mwaka 1985. Mwaka 1992 lilitolewa toleo la 2.1 la mfumo wake wa uendeshaji, nalo lilikuja na sehemu mpya iitwayo locale.library. Kazi ya sehemu hiyo ilikuwa kuiwezesha programu moja kuzungumza lugha nyingi bila kuguswa ndani yake.

Njia yenyewe inafanana na daftari la mahudhurio. Mwalimu akisema, “Namba 14,” daftari humwambia jina la mwanafunzi. Mwaka ujao daftari litabadilika na namba 14 itakuwa mwanafunzi mwingine, lakini mwalimu hahitaji kubadili namna yake ya kuita. Vivyo hivyo, programu ya Amiga iliyoandikwa kwa utaratibu huu haisemi, “Andika maneno haya.” Inasema, “Nipe ujumbe namba 14.” Faili la pembeni liitwalo katalogi ndilo linalojibu. Katalogi ya Kijerumani ikiwapo, jibu huwa la Kijerumani. Ikiwa ni ya Kifaransa, jibu huwa la Kifaransa.

Mambo mawili katika utaratibu huu yanastahili kusifiwa. Kwanza, mwenye kompyuta aliruhusiwa kuorodhesha lugha anazozipenda kwa mpangilio: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katalogi ya lugha ya kwanza isipopatikana, mashine hujaribu inayofuata. Pili, katalogi zote zikikosekana, programu haikwami. Huonyesha maneno ya awali ambayo mtungaji aliyaacha ndani yake kama akiba. Kwa hiyo tafsiri isiyokamilika haikuwa hasara. Mtafsiri aliweza kutafsiri jumbe 30 leo na 30 kesho, na programu ikaendelea kutumika wakati wote.

Kazi ya FlexCat

Katalogi inayosomwa na mashine haiandikwi kwa mkono. Hutengenezwa na zana, na FlexCat, iliyotokea katika miaka ya 1990, ni mojawapo ya zana hizo. Huanza na mafaili mawili ya maandishi ya kawaida, ambayo mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuyafungua.

Faili la kwanza ni la maelezo, nalo huandikwa na mtungaji wa programu. Humo kila ujumbe hupewa jina, namba, kipimo cha urefu, na maneno ya awali. Kwa mfano:

MSG_DELETE (12//40)
Delete this file?
;

Maana yake ni kwamba ujumbe huu ni wa 12, hauna kiwango cha chini cha urefu, na usizidi herufi 40. Mstari unaoanza kwa nukta-mkato ni wa maelezo, ambayo mashine huyapita bila kuyasoma.

Faili la pili ni la tafsiri, nalo ni mali ya mtafsiri. Humo huandikwa jina lile lile, maneno ya lugha mpya, na chini yake maneno ya awali kama ukumbusho:

MSG_DELETE
Faili hili lifutwe?
; Delete this file?

FlexCat huyasoma mafaili yote mawili, huyalinganisha, kisha hutoa katalogi iliyo tayari kwa mashine. Ujumbe ukizidi urefu uliowekwa, humwonya mtafsiri. Mtungaji akiongeza jumbe mpya, zana hulihuisha faili la tafsiri bila kuifuta kazi ya zamani, ili mtafsiri ayashughulikie yale tu yaliyoongezeka. Zaidi ya hayo, zana hii huweza kumwandalia mtungaji sehemu ya programu inayohusu jumbe, kwa lugha mbalimbali za utungaji kama vile C, Oberon na Modula-2.

Tazama basi mgawanyo wa kazi ulivyo. Mtungaji wa programu hahitaji kujua Kijerumani. Mtafsiri naye hahitaji kujua kutunga programu. Anahitaji kuijua lugha yake vizuri. Mwalimu wa lugha, aliyekuwa amefungiwa nje, sasa anaweza kuketi mezani pamoja na mafundi.

Kiswahili katika mizani

Kwa upande wa herufi, Kiswahili hakina shida yoyote. Amiga ilitumia herufi zilizopangwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi, kwa hiyo watumiaji wa Kipolandi na Kirusi walitaabika kutafuta njia nyingine. Kiswahili hutumia herufi za kawaida tupu, na hata ng’ombe hahitaji zaidi ya kibainishi. Shida ya Kiswahili ipo kwenye sarufi, nayo ni ya aina nne.

(a) Upatanisho wa ngeli. Watungaji wengi hupenda kubana matumizi kwa kutunga ujumbe wenye pengo, mathalani “%s deleted”. Alama ya %s ni pengo ambalo programu hulijaza kwa neno lolote. Kiingereza hakidhuriki, kwa kuwa neno “deleted” halibadiliki. Lakini katika Kiswahili tutaandika nini? Faili limefutwa, mchoro umefutwa, droo imefutwa, kitabu kimefutwa. Hakuna kiambishi kimoja kinachofaa pengo lote. Kila mwalimu amewahi kuandika ubaoni zoezi la kujaza pengo, “______ kimevunjika,” na anajua kwamba si kila nomino inaingia hapo. Mtungaji wa programu ametoa zoezi hilo hilo bila kujua.

Dawa ziko mbili. Iliyo bora ni mtungaji kuandika sentensi nzima kwa kila kitu. Akishindwa, mtafsiri anaweza kuigeuza sentensi ili pengo lisitawale kitenzi, kwa mfano: “Kilichofutwa: %s”.

(b) Umoja na wingi. “Faili 1 limefutwa” na “Mafaili 5 yamefutwa” ni sentensi mbili, wala si sentensi moja iliyoongezwa herufi mwishoni. Lazima mtungaji atenge jumbe mbili zenye namba mbili.

(c) Mpangilio wa maneno. Mwingereza hutanguliza idadi: “5 pictures”. Mswahili hutanguliza nomino: “picha 5”. Ujumbe ukiwa na mapengo mawili, la idadi na la nomino, mtafsiri anahitaji kuyabadilishana nafasi. Hapa locale.library ilikuwa na hekima, kwa kuwa iliruhusu kila pengo kupewa namba yake. Mtafsiri huweza kuandika pengo la pili kwanza, na la kwanza baadaye, bila kuichanganya programu.

(d) Neno lisilo na muktadha. Faili la maelezo likisema tu “Left”, je, ni “kushoto” au “zimebaki”? Likisema “Open”, je, ni amri “fungua” au ni hali “wazi”? Zana haijui. Jibu linategemea ule mstari wa maelezo baada ya nukta-mkato, ambao mtungaji mvivu huuacha mtupu. Mstari ambao mashine haiusomi ndio unaomwokoa mtafsiri.

Zoezi kwa darasa

Zoezi hili linafaa kwa wanachuo, na likirahisishwa linafaa pia kwa darasa la sita au la saba. Vifaa vyake ni ubao, chaki na vipande vya karatasi.

1. Mwalimu aandike jumbe 12 fupi za Kiingereza, kila moja kwenye karatasi yake na kwa namba yake. Awemo “Left”, “Open”, “Save” na ujumbe mmoja wenye pengo.

2. Makundi yatafsiri bila kuambiwa ujumbe unatokea wapi. Tafsiri ziandikwe ubaoni kwa safu, kila kundi na safu yake.

3. Mwalimu asimulie sasa muktadha: huu hutokea mchezaji anapobakiza maisha matatu, huu huandikwa juu ya kitufe cha kuhifadhi barua. Makundi yasahihishe.

4. Mapengo yajazwe kwa nomino za ngeli tofauti, na darasa lisome kwa sauti. Makosa ya upatanisho yatasikika yenyewe.

5. Darasa likubaliane orodha ya istilahi: neno moja la Kiingereza kwa neno moja la Kiswahili. Isiwe leo “futa” na kesho “ondoa”.

Tulipolifanya zoezi hili na wanachuo, kundi moja liliandika “3 kushoto” kwa kujiamini kabisa. Darasa lilicheka. Lakini baada ya kicheko likaja swali zito: ni mara ngapi sisi wenyewe tumempa mwanafunzi neno moja, bila sentensi, kisha tukamkemea kwa kukosa maana yake? Wanachuo walijifunza katika dakika hiyo kuliko katika hotuba nzima juu ya umuhimu wa muktadha.

Hatua ya 2 isirukwe kwa haraka ya kufikia jibu sahihi. Kosa ndilo linaloleta haja ya maelezo.

Hitimisho

Kampuni ya Commodore ilifilisika mwaka 1994, na kompyuta hizo leo ni za wapenzi wa mitambo ya zamani. Hata hivyo, wazo la kuyatenga maneno na utendaji limeenea katika programu za kila aina. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi kwa Kiswahili, na kazi hiyo iliwezekana kwa sababu maneno yalikuwa yametengwa tayari, yakiwasubiri watu wa kuyatafsiri.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika orodha ya lugha zilizokuja na Amiga mwaka 1992, Kiswahili hakikuwamo, ingawa katika shule za msingi za Tanzania kilikuwa lugha ya kufundishia tangu 1967. Mtoto aliyejifunza hesabu, sayansi na jiografia kwa Kiswahili hukutana na mashine inayomuuliza kwa lugha nyingine kama kazi yake ifutwe au isifutwe, naye hubonyeza kwa kubahatisha. Mafundi wameshauweka mlango wazi. Atakayeingia akiwa na sentensi nzima, upatanisho sahihi na maelezo ya kutosha ni yule aliyefundishwa lugha vizuri, na mtu huyo huanza kutengenezwa katika darasa la kwanza, mbele ya mwalimu wake.