Biashara ya Mbegu za Ng'ombe Imeshikwa na Mtungi

Mirija ya mbegu za madume inayohifadhiwa Usa River, Arusha, na Kabete, Nairobi, hukaa ndani ya kimiminika chenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Hiyo ni naitrojeni, gesi inayochukua asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Malighafi yake haina bei. Gharama iko kwenye mtambo, umeme na usafiri wa bidhaa inayopungua kila saa, itumike isitumike.

Kituo cha mbegu cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Uingereza waligundua kwamba gliseroli huzikinga mbegu zisife zikigandishwa, na dume mmoja akaweza kupandisha ng'ombe wa nchi asiyoikanyaga.

Mtungi wa kuhifadhia naitrojeni hiyo una kuta mbili zilizotenganishwa na ombwe, ubunifu wa James Dewar wa mwaka 1892. Ombwe likiharibika, jasho au barafu hutokea nje, shingoni na mabegani, na kimiminika hukauka haraka. Ndipo hasara inapoanza, nayo ni ya kimya. Mbegu zikipata joto, chembe za barafu hukua na kuzipasua. Kuzirudisha kwenye baridi hakuziponyi. Mrija hubaki na sura ile ile, jina la dume lile lile, bei ile ile. Mfugaji hulipa, kisha baada ya siku 21 hivi ng'ombe anarudi kwenye joto, maana hakushika mimba. Lawama humwangukia mhimilishaji aliyepandikiza mbegu, au ng'ombe, ilhali kosa lilitendeka wiki nyingi nyuma ghalani.

Kinga yake ni rahisi mno: kijiti cha kupimia. Hutumbukizwa hadi chini, hutolewa na kupungwa hewani, na mstari wa barafu unaonyesha kina kilichobaki. Kisiwe bomba lenye tundu, maana kimiminika huchemka na kuruka juu usoni.

Usalama wa watu unahitaji ukali zaidi. Lita moja ikigeuka gesi hujaza karibu lita 700, ndiyo maana kizibo cha mtungi hulegezwa makusudi. Mwaka 2006, katika chuo kikuu cha Texas A&M, Marekani, tangi ambalo vali zake za kupunguza shinikizo zilikuwa zimeondolewa na matundu kuzibwa lililipuka na kubomoa maabara. Januari 2021 naitrojeni ilivuja katika kiwanda cha kuku huko Gainesville, Georgia. Wafanyakazi 6 walikufa, baadhi yao wakiwa wamewafuata wenzao. Gesi hii haina harufu wala rangi. Husukuma oksijeni kando, na mtu huanguka kabla ya kuhisi kwamba anakosa pumzi.

Kwa hiyo chumba cha mitungi kinahitaji madirisha ya kupitisha hewa, na gari linaloibeba lisifungwe vioo. Mtungi usafirishwe umesimama, umefungwa kamba. Anayemimina avae glavu pana zinazovulika haraka, kinga ya uso na viatu vilivyofunika mguu. Kandambili hazifai kabisa.

Vyama vya ushirika vya maziwa hutumia fedha nyingi kuchagua dume. Kabla ya kuuliza jina lake, viongozi wadai kwanza daftari la vipimo vya mtungi. Muuzaji asiye nalo asipewe oda.