Vyombo Vilivyozeeka Bila Kuchoka

Kila nyumba ina chombo kimoja ambacho watoto wamekikuta, na pengine hata wazazi wao walikikuta. Yaweza kuwa kinu, sinia la shaba, pasi ya mkaa, au cherehani nyeusi yenye maua ya rangi ya dhahabu yaliyofifia. Hakuna akisifuye, kwani kila siku chafanya kazi yake kimya, na ada ya binadamu ni kukitaja chombo siku kinapoharibika. Mwezi huu twapenda kuvitazama vyombo hivi vya kale ambavyo bado vyafanya kazi, na twaanzia Goweko, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mara moja.

Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi na misitu ya miyombo. Kabla ya reli, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita pande hizi hizi. Tura, Rubuga na Kigwa, ambazo ni jirani, zimetajwa katika habari za wasafiri wa karne ya 19. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni, nao hawakufika Kazeh, yaani Tabora, ila tarehe 7 Novemba. Huko walipokewa na Snay bin Amir, mfanyi biashara wa Kiarabu. Sasa fikiri, ndugu msomaji: kila sufuria na kila birika lililotoka pwani likaonekana katika nyumba za Tabora siku hizo, lilifika juu ya kichwa au bega la pagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, na nafasi ya kwanza ilikuwa ya nguo, shanga na masango ya shaba, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa fedha ya njiani. Mwenye akili hakumpa pagazi chombo ambacho kingepasuka Ugogo. (Wala tusifiche kwamba njia ile ile ilipitisha pembe za ndovu na watu waliotekwa, si kila aliyebeba alibeba kwa ujira.)

Basi desturi ya kuchagua kitu cha kudumu ni ya zamani katika nchi hii, nayo haikutegemea pwani peke yake. Mninga wa misitu ya Tabora hausifiwi bure. Moyo wa mti huo hauliwi na mchwa kwa urahisi, na ubao wake ukikauka haujikunji wala haujikunyati sana, ndiyo maana mlango wa mninga na kitanda cha mninga hubaki wima baada ya nyumba yenyewe kuezekwa upya mara nyingi. Kinu nacho, kama hakikuachwa juani kikapasuka, huwatwangia mama, binti na mjukuu. Hupunguka ndani tu, kikazidi kuwa kirefu, na mchi hubadilishwa.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, safari ya miezi ikawa safari ya siku, na vyombo vya chuma vikaweza kuingia bara kwa wingi: pasi za mkaa, taa za chemli, sufuria, baiskeli, na juu ya vyote cherehani. Hapa nitatia neno moja la kando. Juu ya reli hiyo hiyo, kupitia Goweko, zilipita sehemu za meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku yapata 5,000, ikaundwa upya Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka 1916, vita vilipowageukia, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mitambo yake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka minane majini, na mashine zikakubali kuzunguka tena. Mwenye cherehani na azingatie habari ya grisi hiyo.

Cherehani yastahili maneno mengi zaidi ya vyombo vingine, kwa sababu yenyewe hula kidogo na hulisha wengi. Zile za zamani za Singer zilizofika Afrika ya Mashariki aghalabu zilitoka Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Mwaka 1913 pekee kiwanda hicho kilitoa zaidi ya mashine milioni 1.3. Kiwanda kimekufa, mashine zake zingali zikishona. Mwili wake ni chuma cha kusubu, sehemu za ndani ni chuma kitupu, wala hakuna kitu ndani yake kinachooza. Ukitazama mwilini utaona namba iliyopigwa chumani, na kwa namba hiyo mwaka wa kutengenezwa waweza kujulikana.

Lakini chuma peke yake hakitoshi kuwa sababu. Ziko mashine nyingi za chuma zilizokufa kwa kukosa kipuri kidogo cha thamani ya sumni. Cherehani imedumu kwa kuwa umbo moja la Singer, linaloitwa la namba 15, liliigwa na viwanda vya Japani, India na China, hata Butterfly ya kutoka China, ambayo imejaa kwa mafundi wetu, hutumia sindano na bobini za namna ile ile. Mjukuu hununua leo sindano dukani akaitia katika mashine ya bibi yake, nayo ikakubali. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya kwanza ya chombo cha kudumu: kiwe na fundi jirani na kipuri dukani. Anayenunua kitu cha ajabu ambacho hakuna awezaye kukifungua amenunua kitu cha muda, hata kama amelipa bei ya kudumu.

Adui wa cherehani ni watatu, nao wote watoka nyumbani. Wa kwanza ni mafuta ya kupikia. Mtu aona mashine yakwama, atia tone la mafuta ya alizeti au ya karanga, na kwa siku mbili yaenda vizuri; kisha mafuta yale huganda yakawa kama gundi, na mwenye mashine husema imezeeka. Haikuzeeka. Na atie mafuta ya taa kidogo katika matundu yote, aizungushe taratibu mpaka uchafu utoke, aifute, kisha atie mafuta ya cherehani yenyewe, tone moja kila tundu. Adui wa pili ni vumbi la nyuzi chini ya bamba la sindano, palipo na meno yanayosukuma kitambaa. Brashi ndogo hulimaliza. Wa tatu ni sindano iliyopinda au iliyo butu, ambayo huruka mishono, na mshonaji akaanza kukaza na kulegeza kila skrubu hata akavuruga mashine nzima kwa kosa la sindano moja.

Yuko adui mwingine wa ajabu kuliko hao. Mwezi wa Aprili mwaka 2009, huko Saudi Arabia, ilienea habari kwamba ndani ya cherehani za Singer za zamani mna kitu kiitwacho zebaki nyekundu, ambacho huonyesha hazina zilizofichwa, au hufaa kwa mabomu makubwa. Watu wakawa wakiweka simu karibu na sindano. Simu ikikatika wakasema, naam, imo. Bei ya mashine moja ikafika riyali 200,000, na maduka ya washonaji yakavunjwa. Zebaki nyekundu ya namna hiyo haipo duniani. Wala tusiwacheke watu wa mbali. Tabora yenyewe, katika karakana ya reli, Wajerumani walipiga mwaka 1916 sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na hela 20 za shaba ya njano. Hizo zilikuwa kweli, na kwa sababu ya ukweli huo mdogo masimulizi ya mali ya Mjerumani hayakomi. Kijana aliyefika kwa bibi yake na kuulizia kwa upole kama pasi ya zamani yauzwa, pengine hataki kunyoosha kanzu.

Dini yetu haikuyaacha mambo haya ya vyombo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na bakuli la kunywea la Mtume (s.a.w.), pana, la mti mzuri. Lilipopasuka, mahali pa ufa palifungwa kwa mnyororo wa fedha. Lilikuwa pia na pete ya chuma, na Anas akapenda kuiondoa atie ya dhahabu au ya fedha. Abu Talha akamkataza asikigeuze chochote alichokitengeneza Mtume, naye akaiacha. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, alitaja kwamba alishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake kwa mkono wake mwenyewe.

Tena iko sura ya 107, ambayo watoto wetu huihifadhi chuoni mapema, nayo huitwa Al-Maun. Ibn Mas'ud (r.a.) alilifasiri neno hilo kuwa ni vitu ambavyo watu huazimana, kama shoka, chungu na ndoo. Chombo cha kudumu ndicho kiwezacho kuazimwa. Kile cha plastiki nyembamba huogopewa hata na mwenyewe. Sufuria kubwa za khitma na arusi, ambazo katika miji mingi huwekwa msikitini au kwa mzee wa mtaa, zimejengwa juu ya jambo hilo. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, kitu kiwezacho kufanywa wakfu ni kile ambacho watu hutumia manufaa yake nacho chenyewe kikabaki. Chakula hakiwi wakfu, kwa kuwa kikitumiwa kimekwisha. Sufuria yawa wakfu, na jembe, na cherehani.

Si kila cha kale kifaacho, lakini. Sufuria ya shaba iliyotoka bati yake ya ndani isipikiwe vitu vichachu, kama ndimu, ukwaju au maziwa ya mgando, kwani shaba hula sumu yake ndani ya chakula. Na ipakwe bati tena au iwekwe pambo. Taa ya chemli nayo iliwaangazia wengi usiku wa darasa, lakini pale taa ya jua au umeme ulipofika, sioni thawabu katika kuvuta moshi wa mafuta ya taa kwa sababu ya mapenzi ya zamani.

Sasa nije katika jambo linaloumiza nyumba nyingi. Mume akifariki, pengine kabla ya siku ya arobaini, ndugu zake hufika na kuhesabu vyombo. Cherehani huwa ya kwanza kutajwa, kwa kuwa yaonekana na yauzika. Hapa pana masuali mawili yaliyochanganywa, na kuchanganywa kwake ndiko kunakomdhulumu mjane. Suali la kwanza ni hili: cherehani ni ya nani? Ikiwa mke aliinunua kwa fedha ya ushoni wake, au aliipata katika mahari, au alikuja nayo kutoka kwao, basi haimo kabisa katika mali ya marehemu, wala hakuna mrithi wa kuigusa, hata kama ilikaa katika chumba cha mume miaka 30. Kwa hiyo yafaa watu waseme na kushuhudisha wakiwa hai. Karatasi moja yenye majina ya mashahidi wawili yatosha kuondoa fitina.

Ikiwa ilikuwa ya mume, suali la pili ni la mafungu. Kwanza hutolewa gharama za maziko, na madeni, na wasia. Tuseme hayo yamekwisha, na marehemu ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, wala hana mzazi aliye hai. Ndugu zake hapo hawana fungu, kwa kuwa mwana yupo. Wapatane na fundi mwaminifu aikadirie kwa bei ya mashine inayofanya kazi, wala si kwa kilo za vyuma chakavu. Akisema shilingi 240,000, mke ana thumuni yake, 30,000. Zinazosalia ni 210,000, mwana 140,000 na binti 70,000. Wala si lazima iuzwe. Binti ajuaye kushona aweza kuwanunulia wenziwe mafungu yao kidogo kidogo, wakiridhiana. Au mashine ikabaki ya wote, mshonaji akalipwa ujira wake, na faida ikagawanywa kwa kiasi cha mafungu yale. Na kama warithi hawajabaleghe, mlezi wao hana ruhusa ya kuiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu tu ana haraka ya kurudi kwao.

Wako wafanyao hivyo, na cherehani hubaki pale pale dirishani kwenye mwanga, ikatiwa mafuta siku ya Ijumaa asubuhi, na mwezi wa Januari ikashona sare za shule za mtaa mzima.